Kitabu Chake, Herufi za Wenzake

Kisa hiki ni changu na kosa ni langu. Shule sitaitaja, mtoto sitamtaja, na mambo mawili matatu ya pembeni nimeyageuza ili asitambulike.

Ni shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, upande ule ambao minazi inaanza kuipisha michungwa. Nafundisha Kiswahili Darasa la Tatu na la Nne, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, ndimi mwalimu wa maktaba pia. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe: rafu tatu za mbao, mkeka mmoja mkubwa, na dirisha moja pana linaloelekea magharibi. Dirisha hilo mlikumbuke.

Kwa miaka rafu zile zilijaa vitabu vya msaada. Anayezijua shule zetu anayajua maboksi hayo. Ensaiklopedia iliyopungukiwa juzuu mbili, mwongozo wa kulipa kodi katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga, hadithi za watoto wanaofinyanga mtu wa theluji, zote kwa Kiingereza ambacho mtoto wa Darasa la Tatu bado anakifuata kwa kidole. Vingine vilikuwa vizuri kabisa, sikatai. Ila mtoto alikuwa akifungua, anatazama picha, anafunga, anarudisha. Tukasema watoto hawapendi kusoma.

Kisha watu waliosoma hapa zamani wakachangishana, wakaleta fedha taslimu, wakasema mwalimu, nenda kanunue vitabu vya Kiswahili. Hazikuwa nyingi, lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananiuliza nichague. Nilikuwa nimetoka semina siku si nyingi, kichwa kimejaa. Huko tulikuwa tumefundishwa habari ya kioo na dirisha: mwaka 1990 msomi Mmarekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu kwa mtoto ni dirisha la kuwaona wengine na ni kioo cha kujiona mwenyewe. Tulielezwa pia chanzo cha kilio hicho. Kule Madison, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilihesabu vitabu vya watoto vilivyochapwa Marekani mwaka 1985. Katika vitabu 2,500 hivi, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu weusi vilikuwa 18.

Nikarudi nyumbani nikiitafakari ile 18. Kwetu hesabu haiendi hivyo. Fungua kitabu chochote cha hadithi kilichotungwa Dar es Salaam au Nairobi, waliomo ni watu weusi, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihangaikia vitabu vya Kiswahili tangu 1991. Basi nani hayumo? Sikuhitaji kwenda mbali. Jibu lilikuwa limeketi mstari wa mbele darasani kwangu, limevaa kofia ya ukingo mpana.

Ni binti mwenye ualbino, wakati huo ana miaka minane, analelewa na bibi yake mzaa mama. Hodari wa hesabu za kichwa, mkali akichokozwa, kwenye kusoma yuko nyuma. Nilikuwa nimeshajieleza kwa nini yuko nyuma: hajioni vitabuni, kwa hiyo havimvuti. Nadharia nzuri hunoga zaidi inapomwondolea mwalimu lawama.

Nikanunua vitabu vingi vya kawaida, na kimoja nilichokitafuta kwa makusudi. Jina lake silitaji, maana waliokitunga walikuwa na nia njema kuliko mimi niliyekitumia vibaya. Ni hadithi ya msichana mwenye ualbino. Wanakuja watu usiku kwa sababu mganga amewatuma. Mama anamficha porini. Polisi wanafika, waovu wanakamatwa, mwenyekiti wa kijiji anatoa hotuba. Jalada gumu, picha za rangi, karatasi nzito zinazong'aa. Ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote.

Nikakisoma Alhamisi, kipindi cha maktaba, watoto wote mkekani. Nilikisoma vizuri, na hilo pia ni sehemu ya kosa: niliwasomea kwa sauti ya kutisha mahali pa kutisha. Nilipofika wale watu wanapogonga mlango, vichwa vya darasa zima vikageuka. Havikunitazama mimi. Mvulana mmoja, hana ubaya wowote yule mtoto, akauliza kwa huruma kabisa:

"Mwalimu, na yeye watamjia?"

Nyuma kabisa mtu akanong'ona neno moja: "Dili." Msomaji wa Tanzania halihitaji maelezo. Wa kwingine ajue kwamba mitaani mtu mwenye ualbino ameitwa hivyo kwa sababu kuna waliomwona kama mali ya kuuza. Nilimkemea aliyelisema. Lakini neno hilo halikuwahi kusikika darasani kwangu kabla ya siku ile. Kitabu ndicho kilichowakumbusha.

Baada ya kipindi nikampa binti kile kitabu akae nacho nyumbani. Nilijiona kama ninayempa zawadi.

Alhamisi iliyofuata alisema tumbo linamuuma. Ya pili yake akabaki darasani anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Ya tatu akaja bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekurudishia kitabu chako."

Akakiweka mezani, kimefungwa ndani ya kipande cha kanga, safi kama kilivyotoka dukani. Akasema usiku alikuwa akimwona mjukuu wake amekigusisha na pua. Akamwambia asome kwa sauti na yeye asikie. "Alinisomea chote. Ila akifungua ukurasa huu au ule, maneno ni yaleyale. Hasomi, mwalimu. Anakumbuka ulivyosoma wewe. Hakioni kile."

Nikaanza kusema kitu kuhusu miwani. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Na lingine. Mimi sijui kusoma, lakini kisa hicho nakijua. Nimekaa nacho miaka minane, kila mbwa akibweka usiku. Nilidhani huku shuleni atapewa kisa kingine."

Kwa maneno hayo machache bibi alikuwa amemaliza uchambuzi. Ninachofanya hapa ni kuupanua tu.

Nianze na macho, kwa sababu ndiyo niliyoyapuuza kuliko yote. Ualbino hatuuoni zaidi ya ngozi na nywele, lakini ile melanini inayokosekana, yaani rangi ya asili ya mwili, ina kazi hata kwenye jicho. Bila ya kutosha, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayotusaidia kuona vitu vidogo kwa ukali haikomai vizuri. Mboni huchezacheza zenyewe. Mwanga mkali huumiza. Miwani husaidia kiasi, haimalizi tatizo. Kwa lugha ya elimu maalum mtoto huyu ana uoni hafifu, na anayeleta kitabu karibu na pua haigizi wala si mvivu: ndivyo anavyokikuza. Nchini kwetu makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Marekani ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hesabu hiyo, mwalimu wa Tanzania anayefundisha maisha yake yote bila kumpata mtoto huyu darasani ana bahati ya ajabu, au hakutazama.

Sasa kichukue kile kitabu ukitazame kwa macho hayo. Herufi ndogo, nadhani pointi 12. Katika kurasa nyingi maneno yamechapwa juu ya picha: maandishi meusi juu ya usiku wa bluu iliyoiva. Na karatasi inang'aa. Nilikishika nikakaa pale mkekani alipokaa yeye, saa ile ile ya mchana, uso kuelekea lile dirisha la magharibi. Ukurasa mzima ukawa weupe wa jua. Kioo nilichohubiriwa semina nilikuwa nacho mkononi, na kilichokuwa kikionekana ndani yake ni dirisha tu.

Kulikuwa na kingine tena, nacho kinaniaibisha zaidi. Sheria ya shule yetu inasema kofia huvuliwa ndani ya darasa. Hivyo kila alipoingia maktaba binti alivua kile kitu pekee kilichokuwa kikimpunguzia mwanga. Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Mwalimu mkuu alipoelezwa aliitengua palepale kwa mdomo, wala hakuitisha kikao.

Hili la macho linageuza utaratibu mzima wa kuchagua vitabu. Mimi nilikuwa nimeanza na swali la nani yumo ndani ya kitabu. Swali la kwanza lilitakiwa kuwa nani anaweza kukisoma. Vitabu vya kiada vya maandishi yaliyokuzwa na vya nukta nundu vipo, Taasisi ya Elimu huvitoa, ingawa kufika kijijini ni safari nyingine. Lakini vitabu vya hadithi? Vile vya kusoma kwa raha, umelala kifudifudi? Nilizunguka maduka matatu nikiuliza hadithi ya maandishi makubwa. Muuzaji mmoja alinionyesha kitabu cha alfabeti cha chekechea. Yaani ukiwa huoni vizuri, rudi ukasome a, e, i, o, u.

Kosa la pili ni la hadithi yenyewe, na hapa sina uhakika kila mwalimu atakubaliana nami. Vitabu vya namna ile vina asili yake. Mauaji na mashambulizi yaliyotangazwa sana kuanzia mwaka 2007 hivi, hasa Kanda ya Ziwa, yaliwashtua watu, na ilikuwa haki vitungwe visa vya kuelimisha. Watoto walihamishiwa shule za bweni ili walindwe, wengine wakakua mbali na mama zao. Ni mambo yaliyotokea. Kuyaficha ni uongo.

Tatizo ni nani anayezungumziwa. Kitabu kile kinamzungumzia jirani wa mtoto mwenye ualbino: usimwamini mganga, mlinde, toa taarifa. Kwa jirani ni somo. Kwa mtoto mwenyewe ni habari kwamba yeye ni mawindo, isomwayo hadharani mbele ya wenzake. Ukisoma kwa makini, msichana wa kwenye hadithi hafanyi chochote. Anafichwa, anatafutwa, anaokolewa, anahutubiwa. Mbuzi angeweza kuchukua nafasi yake, na hadithi isingebadilika ila hotuba.

Naona methali yetu ya hujafa hujaumbika ina ugonjwa huohuo, samahani kwa wazee. Tumekua tukiambiwa ni methali ya heshima, nami nimeifundisha. Lakini inamwambia mzima: usicheke, yaweza kukupata. Yule anayetazamwa hasemeshwi. Yeye amegeuzwa onyo. Vitabu vyetu vingi vyenye mtu mwenye ulemavu vinakwenda kwa mwendo huo, vinamleta ili wengine wajifunze wema kwake, wakishajifunza anaondoka.

Nikajiwekea tofauti moja, siyo ya kitaalamu: kuna kitabu kinachomhusu mtoto na kuna kitabu ambamo mtoto yumo. Cha pili ni kile ambamo binti mwenye ualbino ameibiwa embe na anamtafuta mwizi, na kofia yake imechorwa kichwani bila hata sentensi moja ya kuielezea. Nilipotafuta vya namna hiyo kwa Kiswahili nilipata vichache mno. Vya kumhusu vilikuwepo.

Na kama ni kweli tupu tunaitaka, ukweli hauna mauaji peke yake. Salum Khalfani Barwany alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, kwa kura za watu waliosimama kwenye foleni. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, baadaye akaenda kuwa balozi Ujerumani. Kenya ina Jaji Mumbi Ngugi. Hawa wote wana ualbino, na hakuna hata mmoja aliyekuwa katika rafu zangu.

Baada ya bibi kuondoka nilirudi kwenye rafu nikapitia kila kitabu upya. Nitasema mawili niliyoyakuta, kwa sababu hayapo katika orodha zozote za semina. Yanatokana na Kiswahili chenyewe.

La kwanza ni jinsia. Lugha yetu ni ya ajabu kwa hili. Ukiandika "rubani alishuka, akasalimu, akaenda zake," hujasema kama ni mwanamke au mwanamume, na unaweza kuandika kitabu kizima hivyo. Mtunzi wetu hana hatia. Mwenye kuamua ni mchoraji. Nilifanya jaribio dogo darasani: niliwasomea mistari mitatu kuhusu rubani na mitatu kuhusu muuguzi, nikawaambia wachore. Rubani akatoka na masharubu karibu kila daftari, wasichana wakiwemo. Muuguzi akatoka na hereni. Wametoa wapi? Nikaenda kwenye picha. Katika vitabu vyangu, maneno hayamtaji aliyeshika ufagio, lakini picha zinamtaja kila mara. Na baba, karibu kila kitabu, ameketi kwenye kiti anasoma gazeti. Nimeishi kijiji hiki miaka kumi na mbili. Mtu anayesoma gazeti kwenye kiti ni mimi, nalo huwa la juzi.

Kwa hiyo anayechagua kitabu cha Kiswahili kwa kusoma maneno tu dukani, kama nilivyofanya, amesoma nusu. Ajaribu siku moja kufunika maneno kwa kiganja, apitie picha peke yake mpaka mwisho, ahesabu nani anatenda na nani anatazama.

La pili ni ngeli. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo: wote wameingia pamoja na kiti na kijiko. Upatanisho tumewaachia wa watu, tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Lakini umbo la jina ni lile lile, na kila mwaka nayaandika ubaoni hivyohivyo bila kusita. Nilipoanza kulisikia hilo masikioni nikataka kuondoa kila kitabu chenye neno kipofu. Aliyenizuia ni mwalimu wetu wa taaluma, mtu mzima, karibu anastaafu.

"Mwalimu, umewauliza wenyewe?"

Sikuwa nimewauliza. Akanikumbusha kwamba wasioona wa nchi hii wana chama chao, Chama cha Wasioona Tanzania. Na viziwi nao wana chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ambao wao hilo neno viziwi wameliandika kwenye bango la ofisi. Wenye ualbino nao walikuwa na Chama cha Maalbino, sasa wanajiita Chama cha Watu wenye Ualbino. Makundi matatu, majibu matatu. Neno zeruzeru wenye ualbino wenyewe wamelikataa, nami nikalikataa, kitabu kimoja nikakiondoa kwa sababu limo kila ukurasa. Kipofu nikaliacha. Pale lilipotumika kama tusi nilibandika alama ya penseli pembeni ili mwalimu anayesoma kwa sauti ajue anakaribia mahali pa kusimama na kuzungumza.

Mzee yule hakuniachia kirahisi. Chumba cha walimu kilichemka siku mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba nikianza hivi nitabaki na rafu tupu: mama wa kambo kwenye ngano zetu ni katili daima, dada wa kazi ni mwizi au mjinga, Mmasai analinda geti, na fisi maskini hajawahi kushinda hata mara moja. Nilicheka kuhusu fisi. Mama wa kambo sikumcheka, kwa sababu darasani kwangu nina watoto wasiopungua sita wanaopikiwa na mama wa kambo kila jioni, na wengine wanapikiwa vizuri. Tulipatana hivi: ngano hazitolewi, maana ndizo mtoto anazosimuliwa nyumbani na ndizo zinazomfanya ajue kitabu ni ndugu wa bibi. Lakini haziwi peke yake. Kwenye rafu ya mama wa kambo mkatili lazima kuwe na kingine, wa kawaida, anayechelewa na daladala na kuunguza maharage.

Kuhusu dada wa kazi hatukupatana. Vitabu viwili niliviondoa kwa uamuzi wangu, akanung'unika, na bado ananung'unika.

Mwalimu mkuu alikuwa na hofu tofauti. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya hadithi visionekane shuleni, kwa sababu ya maadili. Tangu hapo mwalimu yeyote wa maktaba anaposema anataka vitabu "jumuishi," mkuu wake humtazama mara mbili. Wangu aliuliza swali moja tu: "Vina ithibati?" Sikuona kama ni kikwazo. Muhuri wa Taasisi ya Elimu unanisaidia kujua kwamba kuna mtu amekisoma kabla yangu. Haunisaidii kujua kama yule binti ataona herufi zake. Kwa hiyo tulivitafuta vyenye ithibati kwanza, na kwa upungufu uliobaki tukatengeneza vyetu.

Kutengeneza kulikuwa kazi ya mikono zaidi ya akili. Kuna maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, yenye hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake ni huria: unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha, ilimradi umtaje mtunzi. Hilo lilinitoa wasiwasi. Upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, unaolegeza haki za kunakili ili wasioweza kusoma chapa ya kawaida wapate nakala zinazowafaa. Lakini kwa mwalimu wa kijijini leseni huria ni njia fupi.

Nilichagua hadithi chache, nikaziandika upya kwa pointi 24, mistari mifupi, nafasi pana, maneno yote chini ya picha, hakuna hata neno moja juu yake. Karatasi ya kawaida isiyong'aa. Jalada la manila, stepla, gundi ya mbao kwenye mgongo. Mwenye steshenari mjini alinipunguzia bei ya kurudufu baada ya kuniuliza mara tatu kwa nini naharibu karatasi kwa herufi kubwa hivyo. Nikampa nakala asome akiwa amevua miwani yake. Hakuuliza tena.

Hitilafu hazikukosekana. Mashine ya kurudufu haina rangi, na picha nyingi zilitoka matope. Katika hadithi moja nilikuwa nimemwomba kijana wetu mmoja mchoraji amweke mtoto mwenye ualbino katikati ya wachezaji mpira, akamchora vizuri sana kwa kalamu za rangi. Mashine ikawatoa wote kijivu sawasawa. Watoto hawakumwona. Nilitaka kurudia, kisha nikaghairi. Vitabu vyenyewe havikumaliza muhula bila kuachia kurasa. Vingine vilichakaa kwa sababu nzuri: watoto wenye macho makali ndio waliovigombania, maana herufi kubwa humpa hata mtoto anayesuasua hisia kwamba anakwenda mbio.

Na kuna mvulana wa Darasa la Nne asiyesikia ambaye sijampatia jibu. Wenzetu wa Kenya Katiba yao ya 2010 imeitaja Lugha ya Alama kwa jina, na nimeona video za hadithi zilizosimuliwa kwa lugha hiyo. Lakini Lugha ya Alama ya Kenya si ya Tanzania, na mvulana huyu ana alama zake na mama yake tu. Anapenda kitabu cha magari. Namwachia.

Mkeka tuliugeuza, ukaangalia ukuta, dirisha likabaki mgongoni mwa wasomaji. Kofia ikaruhusiwa. Kile kitabu cha bei ghali nilikihamishia rafu ya walimu, na Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, nilikisoma tena, safari hii kwenye mkutano wa wazazi. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Baba mmoja aliinuka katikati akatoka nje, akarudi baada ya muda bila kusema kitu.

Binti hakurudi maktaba mara moja. Alikuja mlangoni, akatazama mkeka ulivyokaa, akaondoka. Wiki iliyofuata akaingia na kofia yake, akapita kwenye rafu akivileta vitabu karibu na uso kimoja kimoja na kuvirudisha. Mimi nilijifanya naandika. Mwishowe akaja na kimoja cha manila, kina alama ya chai jaladani.

"Mwalimu, hiki kina mtu kama mimi?"

Nikakitazama. "Hapana. Hicho ni cha fisi."

"Basi nakitaka."

Akaenda kukaa, dirisha mgongoni, akaanza kusoma kwa sauti. Ukurasa wa tatu alikosea neno. Nilifurahi kulisikia kosa lile.